ABDULRAHMAN AS-SUFI: MWANACHUONI ALIYELICHORA WINGU DOGO LA MBINGUNI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapenzi na wazee wetu mnaosoma jarida hili, mwaka huu tumechagua kukuelezeni maisha ya mwanachuoni mmoja wa nyota aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tunayo sababu ya kumchagua yeye. Siku moja baada ya darsa, mwanafunzi wetu mmoja alitujia na simu ya kaka yake. Ndani yake mlikuwa na picha ya duara kubwa la nuru, katikati njano na pembeni buluu, lenye nyota zisizohesabika. Akatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, picha ile ni ya kweli au imetengenezwa na watu wa kompyuta? La pili, je, inafaa Muislamu kujifunza habari za nyota, maana nyumbani ameambiwa kuwa nyota ni kazi ya wapiga ramli na ameamrishwa alifute daftari lake alilokuwa akizichora?

Sisi tulikuwa na haraka siku ile. Tulimwambia arudi kwenye somo lake. Mtoto alirudi, lakini uso wake ulionesha kuwa hakujibiwa. Tulipokaa tukafikiri, tuliona kwamba mwalimu anayemnyamazisha mwenye kuuliza amebakiwa na deni. Makala hii ni malipo ya deni lile, na jibu lake tumelipata katika maisha ya Abdulrahman bin Omar As-Sufi.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Abdulrahman As-Sufi alizaliwa mwaka 291 Hijria, sawa na mwaka 903 Miladia, katika mji wa Rayy. Mji huo leo umeungana na Tehran, mji mkuu wa Iran. Rayy ulikuwa mji wa elimu, na ndiko alikotoka pia tabibu mashuhuri Abubakar Ar-Razi. Zama zile vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na wanavyuoni wa Kiislamu walikuwa wakivisoma, wakivipima na kuvisahihisha.

As-Sufi alifanya kazi Isfahan na Shiraz chini ya watawala wa ukoo wa Banu Buwayh. Mkubwa wao, Adhud Ad-Dawla, alikuwa mwanafunzi wake katika elimu ya nyota. Imepokewa kuwa mfalme huyo alikuwa akijifakhari kwa walimu wake, na As-Sufi alikuwa mmoja wao. Tazameni, wanafunzi, heshima ya elimu: mwenye jeshi na hazina anajifakhari kuwa amesomeshwa na mtu asiye na jeshi wala hazina.

Mjini Shiraz alipima mwendo wa jua kwa pete kubwa ya kupimia. Aliandika pia kitabu kirefu juu ya usturlabu, chombo cha duara ambacho wazee wetu wa zamani walikitumia kujua saa za usiku, nyakati za sala na upande wa kibla. Basi kalenda ya nyakati za sala inayotundikwa ukutani mwa misikiti yetu ya Wete, Chake Chake na Mkoani imetoka katika mti huo huo wa elimu.

ELIMU YA NYOTA NA KUPIGA RAMLI

Hapa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo wazee wetu wengi wana khofu, na khofu yao ina msingi. Katika kisiwa chetu neno falaki likitajwa, wengi humfikiria mtu anayefungua kitabu, akauliza jina la mama yako, kisha akakwambia nani amekuroga na safari yako itakuwaje. Hayo yamekatazwa katika dini yetu, wala hatuyatetei.

Lakini elimu ya kuzitazama nyota, kuzipima na kuzijua mahali pake ni jambo jengine. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametueleza katika Surat Al-An'am, aya ya 97, kuwa amezijaalia nyota ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Wavuvi wetu wa Kojani wanalifahamu hilo bila ya kufundishwa darasani. Anayekwenda dago akarudi usiku hutizama nyota ajue kaskazini ni wapi, naye hakupiga ramli. Wakulima wetu nao waliijua Kilimia, lile fungu la nyota ndogo zilizokaribiana, na jina lake lenyewe linatukumbusha kulima.

Zama za As-Sufi mambo haya mawili yalikuwa yamechanganyika, na wafalme wengi walipenda utabiri. Hata hivyo kitabu kilichomfanya ajulikane dunia nzima hakikuandikwa kwa ajili ya kutabiri. Ni kitabu cha kutazama, kupima na kuandika kilichoonekana.

KITABU CHAKE

Kitabu hicho kinaitwa Suwar Al-Kawakib, yaani Maumbo ya Nyota, na alikiandika kiasi cha mwaka 964 Miladia, akiwa na umri wa miaka 60 na kitu. Miaka 800 kabla yake, Ptolemy wa Iskandaria alikwisha andika orodha ya nyota zaidi ya 1,000, akazigawa katika mafungu 48. Orodha ile ilikuwa na heshima kubwa, na watu waliinakili kizazi baada ya kizazi.

As-Sufi hakuridhika kunakili tu. Aliona kuwa baadhi ya watu waliojiita wajuzi walikuwa wakichora nyota kutoka katika vitabu na tufe za wengine bila ya kuinua macho juu, na kosa la mmoja lilikuwa likirithiwa na wote. Yeye alitoka usiku, akaitazama nyota moja baada ya moja. Alilinganisha mwangaza wake na ule ulioandikwa na Ptolemy, na pale palipotofautiana akaandika alichokiona kwa macho yake.

Kwa kila fungu la nyota alichora picha mbili. Moja inaonesha fungu kama lionekanavyo na mtu aliyesimama ardhini, na ya pili kama lionekanavyo juu ya tufe, yaani kama kwamba unalitazama kwa nje. Akaweka pia majina mawili, ya Wayunani na ya Waarabu wa jangwani. Al-Biruni amepokea kuwa As-Sufi alikuwa akiweka karatasi nyembamba juu ya tufe na kuzifuatiza nyota ili zisihame mahali pake. Alijua pia kuwa nyota husogea polepole mno kadiri karne zinavyopita, basi akaongeza daraja 12 na dakika 42 katika hesabu za Ptolemy ili ziafikiane na zama zake.

Kitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono kwa mamia ya miaka, na nakala zake za kale zimehifadhiwa hadi leo, mojawapo mjini Oxford, Uingereza. Ulugh Beg, mfalme mwanachuoni wa Samarkand, alikitumia katika karne ya 15. Na majina mengi ya nyota yanayotumika ulimwenguni, kama Aldebaran, Vega na Altair, asili yake ni Kiarabu.

WINGU DOGO

Sasa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tumkumbuke tulipoiona ile picha ya simu. Katika fungu linaloitwa Andromeda, ambapo Waarabu walikuwa wakiona umbo la samaki mkubwa, As-Sufi aliona kitu kisichofanana na nyota. Kilikuwa na weupe hafifu, kama doa la ukungu. Hakukijua ni kitu gani, na katika zama zile hapakuwa na mtu yeyote aliyejua. Hakuna darubini iliyokuwapo duniani. Darubini zilianza kutumiwa kutazamia mbingu kiasi cha miaka 640 baadaye.

Angeweza kukiacha. Orodha ya Ptolemy haikukitaja, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikitaja kuwa ni wingu dogo, akakiwekea alama ya vidoto mdomoni mwa samaki katika mchoro wake. Hiyo ndiyo habari ya mwanzo iliyotufikia ya kitu kile. Mtu mwaminifu aliandika kile alichokiona, hata kama hakukielewa, na hakuongeza hadithi juu yake.

Wingu lile lilisubiri. Mwaka 1888 Muingereza Isaac Roberts alilipiga picha kwa darubini na kioo cha kamera, na mikono yake iliyojipinda ikaonekana. Mwaka 1923 Mmarekani Edwin Hubble, katika mlima wa Wilson huko California, aliipata ndani yake nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpango maalumu. Kwa nyota hiyo aliweza kukisia umbali. Ikadhihirika kuwa wingu dogo la As-Sufi si wingu. Ni galaksi nzima, mji mkubwa wa nyota kama huu wetu, ulio nje kabisa ya mji wetu. Hesabu za leo zinaonesha kuwa umbali wake ni kiasi cha miaka milioni 2.5 ya mwanga. Maana yake, nuru iliyoingia katika jicho la As-Sufi usiku ule ilikuwa imesafiri miaka milioni mbili na nusu.

DARUBINI ZINAZOKAA JUU YA HEWA

Hewa inayotuzunguka ni neema, lakini kwa mtazamaji wa nyota ni kama maji yanayotikisika juu ya jiwe lililo chini ya bahari. Ndiyo maana nyota humetameta. Aidha, hewa huzuia aina nyingi za mianga isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo wataalamu waliamua kuzipeleka darubini juu ya hewa.

Katika khabari hii pwani yetu ya Waswahili imo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Wataliani, lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa karibu na mstari wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Satelaiti hiyo ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuzichunguza nyota kwa mianga ya eksirei, na iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikatoa orodha ya vyanzo 339 vya mianga hiyo. Hivyo neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya elimu ya nyota, na pwani ile ile wanakopita majahazi ikazaa orodha mpya ya mbingu, kama As-Sufi alivyoandika yake.

Mwaka 1990 ikarushwa darubini iliyopewa jina la Hubble. Picha zake za mwanzo zilikuwa na ukungu, kwani kioo chake kikubwa cha mita 2.4 kilisuguliwa vibaya ukingoni kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Wahusika walilikiri kosa, wakalipima, na Disemba 1993 mafundi walipanda huko huko juu wakaweka vifaa vya kulisahihisha. Baada ya hapo Hubble ikaanza kulipiga picha, kipande kwa kipande, lile wingu dogo. Mwezi wa Januari 2025 ilitolewa picha iliyounganishwa kutoka vipande zaidi ya 600, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 10, yenye pikseli bilioni 2.5 na nyota milioni 200 zinazoonekana moja moja. Pale As-Sufi alipoweka vidoto vichache, leo zimeonekana nyota milioni 200, na hizo ni sehemu tu ya zilizomo.

JE, PICHA HIZI NI ZA KWELI?

Sasa tulijibu suali la mwanafunzi wetu. Ndiyo, ni za kweli, lakini lazima tujue namna zinavyotengenezwa. Kamera ya darubini hiyo haipigi rangi kama simu. Hukusanya nuru kupitia vichujio, na kila kichujio hupitisha aina moja tu ya mwanga. Hutoka picha kadhaa za weusi na weupe. Kisha wataalamu huipa kila moja rangi yake na kuziweka pamoja.

Mara nyengine rangi hukaribia zile ambazo jicho lingeziona. Mara nyengine rangi huwekwa ili kutofautisha gesi moja na nyengine. Na kwa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, mwanga wenyewe ni ule unaotokana zaidi na joto, ambao jicho la binaadamu haliuoni kabisa. Hapo rangi ni kama tafsiri. Anayefasiri kitabu kutoka lugha moja hadi nyengine hasemi uongo, madhali hakuongeza wala hakupunguza. Umbo, mahali na kiwango cha mwangaza vimetoka mbinguni; rangi imewekwa na mtu ili sisi tupate kuona.

As-Sufi naye aliwachora samaki na wanaadamu kuzizunguka nyota zake. Hakuna aliyedhani kuwa huko juu kuna samaki. Mchoro ulikuwa wa kumsaidia mtazamaji. Nyota ndizo zilizokuwa za kweli. Basi mwanafunzi mwema akiiona picha katika simu aulize: imepigwa na darubini gani, kwa mwanga gani, na rangi zimewekwa kwa maana gani? Picha isiyo na majibu hayo asiharakishe kuisambaza, kwani siku hizi zimejaa picha za kubuni zisizotoka katika darubini yoyote.

YALIYO MBELE

Kazi bado inaendelea. Darubini ya Webb, yenye kioo cha mita 6.5, iko umbali wa kiasi cha kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nayo inatazama galaksi ambazo nuru yake ilianza safari zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Darubini ya Euclid ya nchi za Ulaya ilirushwa Julai 2023 ili kuchora ramani ya galaksi kwa mabilioni. Na Marekani imetengeneza nyengine iitwayo Roman, ambayo kurushwa kwake kumepangwa kusizidi Mei 2027. Kioo chake kina upana sawa na cha Hubble, lakini picha yake moja huchukua eneo la mbingu kubwa mara 100 au zaidi.

Picha nyingi za darubini hizi hutolewa kwa watu wote bila ya malipo. Wanaohitajika ni watu wa kuzisoma, kuzihesabu na kuandika walichokiona. Kwa nini asiwemo kijana au binti wa Pemba? Hisabati inasomeshwa skuli, na subira na uaminifu vinasomeshwa chuoni.

MWISHO WAKE NA MAFUNZO

Abdulrahman As-Sufi alifariki mwaka 376 Hijria, sawa na mwaka 986 Miladia, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Tufe la fedha alilomtengenezea Adhud Ad-Dawla lilionekana katika maktaba ya Cairo zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Na hata juu ya mwezi pana shimo kubwa lililopewa jina lake, Azophi, kwa matamshi ya watu wa Ulaya.

Tunajifunza kwake mambo matatu. Kwanza, tuheshimu vitabu vya waliotutangulia, lakini tuinue macho na kutazama wenyewe. Pili, tuandike tulichokiona kwa uaminifu, hata tusipokielewa, kwani huenda atakayekielewa akaja baada ya miaka elfu. Tatu, tusiiache elimu yenye manufaa kwa sababu ya wanaoitumia vibaya. Tuyaache mabaya yao, tuichukue elimu.

Wanafunzi wetu, tunakupeni kazi. Mwezi wa Novemba, usiku usio na mwezi wala mawingu, baada ya sala ya Isha, kiasi cha saa tatu, tokeni pamoja na wazee wenu mahali pasipo na taa. Elekeeni kaskazini. Juu mtaona nyota nne zilizofanya mraba mkubwa. Anzeni na nyota ya pembe ya chini kuliani, mteremke upande wa kulia mpaka nyota nyengine yenye mwangaza kama wake. Hapo geukeni kushoto kwa kuteremka, mpite nyota mbili hafifu. Kando ya ile ya pili mtaona doa jeupe kama moshi. Hilo ndilo wingu dogo la As-Sufi, na mnaliona kwa macho matupu kama alivyoliona yeye.

Lichoreni katika daftari na muandike tarehe. Na yule mwanafunzi wetu aliyefuta michoro yake tunamuomba radhi, na tumekwisha zungumza na wazazi wake. Daftari jipya amelipata, na ukurasa wake wa kwanza una mraba wa nyota nne.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awarehemu wanavyuoni wetu waliotangulia, na azijaalie nyoyo zetu zinyenyekee kila tunapoinua macho kuzitazama mbingu zake. Amin.